Nyumba ya Wagaeli Ndiyo Iliyozaa "Ndani"

Msomaji atanisamehe nikianza na mambo ya kwangu, kwani neno ninalotaka kulizungumza leo lenyewe ni la nyumbani. Mwezi wa Agosti uliopita mpwa wangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Galway huko magharibi ya Ayalandi, alikuja Mombasa kututazama pamoja na mkewe na binti yao wa miaka tisa. Mtoto huyo kazaliwa huko huko kwenye baridi na mvua. Katika mikoba yao, baina ya zawadi za mashangazi na dawa za bibi yake, mlikuwa na daftari la shule.

Alasiri moja tumekaa barazani, mpwa wangu akalitoa. "Mjomba," akasema, "tazama anavyosomeshwa mwanangu. Hiki ni Kiayalandi. Wenyewe wengi wao hawakisemi, mjini ni Kiingereza kitupu, lakini shuleni kila mtoto hukisoma. Naye Kiswahili chenyewe ni cha kuungaunga. Huko si kupoteza wakati?" Mkewe akadakia kutoka mlangoni kwamba lau angeweza, angemwambia mwalimu amwache mtoto, wakati huo autumie kwa lugha ya babu zake.

Sikujibu kitu, na kusema kweli nilikuwa upande wao. Nikalichukua daftari nilitazame tu. Juu paliandikwa "Mo Theach", yaani Nyumba Yangu, na chini yake mistari mitano ya mwandiko wa kitoto: Tá ár dteach beag. Tá doras an tí dearg. Tháinig Daidí isteach. Tá Mamaí istigh. Tá an cat amuigh. Mtoto akanifasiria: Nyumba yetu ni ndogo. Mlango wa nyumba ni mwekundu. Baba aliingia ndani. Mama yumo ndani. Paka yuko nje.

Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, hapa nyumba ni ipi?" Akaweka kidole mara tatu: theach, dteach, tí. "Zote hizo ni nyumba, Babu." Nikadhani ananichezea. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifungua makamusi ya watu wale, hasa ile kubwa ya Royal Irish Academy, iliyotolewa vipande vipande tangu 1913 hadi 1976 na ambayo sasa husomwa bure kwenye intaneti. Na nimeona kwamba mtoto alikosea jambo moja tu. Nyumba haikuwamo mara tatu katika habari yake. Ilikuwamo mara tano.

Kwanza tuelewane juu ya lugha zenyewe. Kigaeli si kimoja. Kuna cha Ayalandi, kuna cha Uskoti, na kuna cha kisiwa kidogo cha Man kilichoko baharini baina ya nchi hizo. Vyote vitatu ni matawi ya lugha moja ya kale iliyotoka Ayalandi. Nyumba kwa Kiayalandi ni "teach". Msomaji asilisome kwa Kiingereza. Hutamkwa "tyakh", na ile kh ni kh yetu ya khamsa, ambayo Mwingereza humkwama kooni lakini mtoto wa pwani huitoa bila ya taabu. Kwa Uskoti husemwa "taigh", na kwa Man "thie", yote mawili yakikaribia sauti ya "tai".

Sasa hiyo "theach" na hiyo "dteach". Wagaeli hulibadilisha neno kichwani, kwa kufuata neno lililolitangulia. Nyumba yangu ni "mo theach", nayo t hiyo ikitiwa h hupotea kabisa, ikasikika "mo hyakh". Lakini utamu uko katika neno "a", ambalo kwao ni "yake" ya mwanamume, na ni "yake" ya mwanamke, na pia ni "yao". Neno moja la herufi moja, wenye nyumba watatu! Mtu atajuaje nyumba ni ya nani? Atajua kwa kichwa cha nyumba. "A theach" ni nyumba yake mwanamume. "A teach" ni nyumba yake mwanamke, isiyoguswa. "A dteach", inayotamkwa "a dyakh", ni nyumba yao.

Mzungu anayejifunza hulia kwa jambo hili, kwa kuwa hutafuta dteach katika kamusi kwenye herufi d asilione. Sisi halitushangazi sana. Mgeni naye hutafuta "ndimi" asijue kwamba aitafute kwa "ulimi". Na sababu zenyewe ni za jamaa moja. Kwetu n ya ngeli ilipoigonga l ya limi ikazaa nd. Kwao lile neno la "yao" zamani lilikuwa na n mwishoni. N ikaigonga t ikaifanya d, kisha n yenyewe ikafa, ikabaki alama ya kipigo chake. "Yake" ya mwanamume iliishia kwa irabu, na t ikiwa katikati ya irabu ikalainika. Ya mwanamke iliishia kwa s, na s ile ikaikinga nyumba yake isidhurike. Sauti zote tatu zimekwisha kufa, na hukumu zao zingali zinatekelezwa hata na mtoto wa miaka tisa.

Nilipofika kwenye mstari wa pili wa daftari, wallahi nilijiona nimerudi chuoni. "Doras an tí", mlango wa nyumba. "An" ndiyo al ya Kiarabu, ya kulijulisha jina. Tazama basi ilivyokaa: mlango haukupewa an, nyumba ndiyo iliyopewa, na nyumba ikabadilika kutoka "teach" ikawa "tí" kwa sababu imemilikishwa. Hii ni idhafa, bwana! Baabu-l-bayti: mlango bila ya al, nyumba ina al, nayo imetiwa kasra. Yeyote aliyesomeshwa Ajurrumiyya, kile kijitabu cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fas aliyefariki mwaka 1323, ataitambua kanuni hii hata ukimwamsha usingizini. (Nasema nahau kwa maana yake ya zamani, ya ilimu ya sarufi.)

Wala si hilo tu. Kitendo chao hutangulia. "Tháinig Daidí", alikuja Baba, kama tulivyokaririshwa jaa-a Zaydun, Zaid yule yule ambaye katika vitabu vya nahau hana kazi ila kuja, kusimama, na kumpiga Amri. Na hawana kitendo cha kumiliki. Mgaeli hasemi "nina nyumba". Husema "tá teach agam", ipo nyumba kwangu, na hiyo agam ni herufi ya jarr iliyoungana na dhamiri: agam kwangu, agat kwako, aige kwake. Mwarabu husema indii, indaka, indahu.

Hapa najua baadhi ya wasomaji wangu wamekwisha kujiweka sawa vitini wakingoja niseme kwamba Wagaeli ni Waarabu waliopotea njia. Siwezi kusema hivyo. Wako wataalamu walioona mfanano huu kabla yangu: mwaka 1900 John Morris-Jones wa Welisi aliandika makala akilinganisha mpango wa sentensi za nchi yake na wa lugha za Misri ya kale na za Waberberi, na baada yake wakaja kina Julius Pokorny na Heinrich Wagner na wengine, wakafikiri kwamba kabla ya Wakelti kufika visiwani kulikuwa na watu wa lugha za jamaa ya Kiarabu, wakawaachia nahau yao. Wataalamu walio wengi hawakukubali. Na sisi watu wa pwani tungefaa kuwa wa mwisho kurukia madai ya namna hii, maana tumeyaona yakitendwa juu yetu. Kwa kuwa tuna kitabu na sahani, ati Kiswahili ni Kiarabu. Na nyumba je? Nyumba ni ya Kibantu halisi, na Mchewa wa Malawi huiita nyumba vile vile. Lugha mbili huweza kujengewa mpango mmoja wa vyumba na mafundi wasiojuana.

Neno lenyewe linajisema limetoka wapi. Wakelti wa kale walisema "tegos", na shina lake lina maana ya kufunika. Kutokana na shina hilo Warumi walipata "tectum", dari, na pia toga, lile shuka walilojifunika. Wayunani walipata "stegos", na Wajerumani "Dach", zote mbili ni paa. Hata Kiingereza cha nyasi za kuezekea, "thatch", ni ndugu yake. Mwarabu aliita bayt kwa sababu ya kulala: baata, yabiitu, alipitisha usiku. Mgaeli hakutazama kulala wala kuta. Aliita nyumba kwa paa lake. (Na kwa kuwa mimi nimeishi na mashairi, siwezi kupita hapa bila ya kukumbusha kwamba bayt hiyo ya Waarabu ni nyumba na ni mstari wa shairi pia, ndiko tulikotoa ubeti na beti zetu, na nusu ya mstari wao, misraa, asili yake ni ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili.)

Kwamba nyumba ni paa, si maneno ya kamusi tu. Mwaka 1814, katika bonde la Strathnaver, wilaya ya Sutherland kaskazini ya Uskoti, wenye ardhi walitaka mabonde yawe malisho ya kondoo, na wakulima waliokuwa wakisema Kigaeli wakatolewa. Wakala Patrick Sellar na watu wake walizitia moto boriti za mapaa. Kuta za mawe na udongo hazikuwa na thamani, mtu angeziinua tena. Lakini nchi ile haina miti, na boriti zikishateketea mwenye nyumba hana la kurudia. Sellar alishitakiwa Inverness mwaka 1816 akaachiliwa. Mwaka 1819 wakafukuzwa wengine wengi, na mwashi mmoja, Donald MacLeod, aliandika baadaye kwamba usiku alipanda kilimani akahesabu nyumba 250 zikiwaka. Watu wakasukumwa pwani kwenye miamba, wengine wakapanda majahazi kwenda Kanada. Magofu ya kijiji cha Rosal yaonekana hadi leo. Na Kigaeli hakiyaiti magofu hayo taigh. Kuta zisizo na paa zina jina jingine, "tobhta", kwani likishaondoka paa neno nalo limeondoka.

Nirudi kwenye daftari, kwa ile mistari mitatu ya mwisho ambayo mtoto hakuiwekea kidole. Kigaeli cha zamani kilikuwa na irabu za mwisho na hali za majina kama Kiarabu fasihi. Jina la nyumba likitanguliwa na "katika" liliweza kuchukua hali mbili: moja ya kuendea, nyingine ya kutulia. Mtu akiielekea nyumba, ilikuwa isin tech. Akiwa ametulia mumo, ilikuwa isin tig. Karne zikapita, yale maneno yakagandamana kama wali wa chini ya chungu, yakawa "isteach" na "istigh". Isteach ni kuingia ndani. Istigh ni kuwamo ndani. Leo Mwayalandi akitia ufunguo mfukoni, akipanda gari, akiingia majini kuogelea, husema isteach, na hana habari kwamba anasema "katika nyumba".

Na nje? Nje ni "amach" kwa kwendea na "amuigh" kwa kukaa, na yote mawili yametoka katika "magh", yaani uwanda, mbuga tambarare. Kwa mababu wa Wagaeli dunia ilikuwa na pahali pawili: chini ya paa, na uwandani penye upepo na mvua. Paka wa mjukuu wangu, katika mstari wa tano, yuko uwandani, ingawa najua hakika amekaa juu ya ukuta wa ua wa nyumba ya kupanga mjini Galway. Waskoti husema a-steach na a-staigh, a-mach na a-muigh. Watu wa Man husema stiagh na sthie, magh na mooie. Wote wamelirithi.

Sisi tumetenda kazi ile ile kwa vifaa vyetu. "Chini" ni nchi iliyotiwa -ni, mahali pa ardhini. "Ndani" ina neno kongwe la Kibantu la tumbo: nda, na -ni. Mswahili akiingia ndani huingia tumboni, Mgaeli akiingia ndani huingia nyumbani. Na msomaji aliyewahi kumsikia mama akisema "nimekibeba tumboni" asione tabu kufahamu.

Kuna jambo jingine linalofanana na letu. Nimesema Mwayalandi husema teach na Mskoti taigh. Hiyo taigh ni ile hali ya kutulia, "nyumbani", iliyokaa mahali pa "nyumba". Kwa kuwa watu huitaja nyumba zaidi wakiwa wanasema wako nyumbani, umbo la nyumbani lilizoeleka likalishinda lile la asili, Uskoti, kisiwani Man, na hata kusini ya Ayalandi katika Munster. Kwetu pia nyumbani imekuwa jina linalojitegemea. Watu husema "nyumbani ni mbali" kama kwamba -ni si kitu. Munster wamezidi: hutia nyumba mbele ya jina la mtu, "tigh Sheáin", na maana yake ni "kwa Seán". Wafaransa walifanya hivyo hivyo, "chez" yao ikiwa ni "casa" ya Kirumi iliyochakaa. Ramani nayo imejaa nyumba zilizofichika: Timoleague wilaya ya Cork ni Tigh Molaige, Taghmon wilaya ya Wexford ni Teach Munna, nyumba za watawa wa kale, moja kwa umbo la tigh na moja kwa la teach.

Ama hiyo "tí" fupi, iliyonishangaza zaidi siku ile, ni uvivu wa ulimi tu. Ilikuwa tige, g ikalainika, wakaandika tighe kwa miaka mamia bila ya kuitamka, mpaka serikali iliposanifisha maandishi katikati ya karne iliyopita wakazikata zile herufi maiti. Husikika kila siku katika "bean an tí", mwanamke wa nyumba, ambaye katika vijiji vya Kiayalandi ndiye awapokeaye wanafunzi wa mjini wakati wa likizo ili wajifunze lugha mezani pake. Jamaa ya nyumba ni "teaghlach", nayo ni teach na slógh, yaani kundi kubwa la watu: jeshi la nyumba! Mwenye watoto wanane hatabisha. Uskoti kuna "taigh-cèilidh", nyumba ambayo jirani walikusanyika usiku wa baridi, moto wa mboji katikati ya sakafu, wakatoleana hadithi na mashairi mpaka usiku wa manane. Mimi nimeielewa mara moja kuwa ni baraza iliyokimbizwa ndani na baridi. Na kuna "taigh-beag", nyumba ndogo. Msomaji asicheke, wala asiwaze ile nyumba ndogo ya mitaa yetu. Kwao ni choo.

Watu wa lugha hizi wamebaki wangapi? Katika hesabu ya watu ya Ayalandi ya mwaka 2022, watu 71,968 walisema hukitumia Kiayalandi kila siku nje ya masomo, katika nchi ya watu zaidi ya milioni tano. Uskoti, mwaka huo huo, wanaoweza kusema Kigaeli walikuwa karibu 70,000. Kisiwa cha Man kilikuwa na mzee mmoja, mvuvi Ned Maddrell, aliyekuwa wa mwisho katika wale waliolelewa kwa lugha hiyo; alikufa tarehe 27 Desemba 1974. UNESCO mwaka 2009 ikaandika katika atlasi yake kuwa lugha imekwisha kufa. Watoto wa shule ya Bunscoill Ghaelgagh, iliyofunguliwa mwaka 2001 na inayosomesha kwa lugha hiyo, wakaiandikia barua kwa lugha hiyo hiyo, wakiuliza: ikiwa imekufa, hii tunayoiandikia ni nini? UNESCO ikarekebisha maandishi yake.

Nilimsomea mpwa wangu habari hii ya barua siku chache kabla hawajasafiri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa Mjomba, huko si kusema kwamba nasi tuna kazi?" Mkewe aliniambia waziwazi kwamba hakuona bado faida ya Kiayalandi, bali alianza kumsomesha mtoto daftari lile lile kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na lipofika neno "dearg" walibishana saa nzima kama ni mwekundu au nyekundu, kwa kuwa mtoto hakuona kwa nini mlango uwe wa ngeli ya mtu asiyekuwa mtu.

Usiku wa mwisho nilitoka msikitini baada ya sala ya magharibi, nikawakuta wamefunga mlango kwa ajili ya mbu. Nikabisha hodi kwangu mwenyewe. Sauti ndogo ikatoka: "Tar isteach, a Bhabu!" Nikasimama pale nje nikitabasamu peke yangu, maana kwa Kigaeli mtu akiitwa jina lake hubadilika kichwa, na mimi, katika umri wangu huu, nimegeuzwa "a Wabu".

"Kwa Kiswahili!" mama yake akapiga kelele kutoka jikoni.

"Karibu nyumba, Babu!"

"Ndani! Karibu ndani!"

"Lakini ni neno moja, Mama," mtoto akasema, na akaufungua mlango. Nikavua viatu nikaingia.